Maneno ya Bwana Makosa

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kuandika, kwa miaka mingi nimewajibu kwamba ni bibi yangu, kwa hadithi alizotusimulia jioni kando ya moto huko kwetu Mbale. Ni jibu zuri. Wasomaji hulipenda, na waandaaji wa makongamano hulipenda zaidi. Tatizo ni kwamba bibi yangu hakusimulia hadithi hata moja. Alipenda redio, na mtoto aliyezungumza wakati wa taarifa ya habari alitolewa nje. Chuo kikuu nako nilifundishwa mengi kuhusu uandishi, isipokuwa kuandika. Nimewahi kuulizwa mbele ya ukumbi mzima kama ni kweli nilijifunza kazi hii katika ofisi ya kompyuta, nami nikacheka kama mtu aliyesikia uzushi. Si uzushi. Aliyenifundisha kuandika ni mtu aliyekuwa akitunga ujumbe wa makosa katika hifadhidata ya dawa, pale Jinja. Tulimwita Bwana Makosa, naye akiwa karibu tulimwita Afande.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu maneno yake yalikuwa yafutwe, naye aliogopa. Hakuogopea jina lake, kwani halikuandikwa humo popote. Aliogopea watoto wanaopimiwa dawa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, nikijitahidi kutomwaibisha. Shirika lililotuajiri lilikuwa na maghala ya dawa Jinja na Mbale, na zahanati ndogo zilizochukua dawa humo. Kabla dawa ya mtoto haijatolewa, mhudumu aliandika katika kompyuta uzito wa mtoto na kiasi cha dawa. Taarifa hizo ziliingia katika hifadhidata, na mlangoni pa hifadhidata paliwekwa mlinzi, yaani kipande cha programu kinachokagua kila kinachoingia. Kikiona jambo haliendi, kinakataa. Hapo mwandishi wa programu ana hiari. Anaweza kuiacha mashine ikatae kwa namba zake na Kiingereza chake cha chuma, au anaweza kupaza kosa kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Kupaza lilikuwa neno lake. Wenzake wengi waliacha namba. Yeye alikuwa akijaza kila nafasi iliyoruhusu maneno, kama mtu anayepanda maua katika kila kopo tupu analoliona.

Ninapomkumbuka, namwona kwanza akiwa amefumba macho. Ofisi yetu ilikuwa na dirisha lililoelekea upande wa ziwa, na saa za alasiri mwanga uliingia ukiwa umelegea, wa rangi ya chai ya maziwa, ukatambaa juu ya meza hadi ukamfikia usoni. Umeme ukikatika, kama ilivyokuwa desturi yake, feni ilizunguka ikipunguza mwendo mpaka ikasimama, na katika ukimya ule ungesikia korongo juu ya paa wakitembea kwa kucha zao. Yeye alikaa hivyo hivyo. Wageni walidhani amelala, na mkurugenzi mmoja alimwandikia karipio kwa kulala kazini. Alikuwa anamtafuta mtu atakayeusoma ujumbe.

"Funga macho," aliniambia siku za mwanzo. "Nani amesimama mbele ya kioo cha kompyuta?"

"Mhudumu."

"Mhudumu hana uso. Nani?"

"Mwanamke."

"Ameshika nini?"

Sikujua. Nilikuwa na shahada na sikujua ameshika nini.

"Mkono mmoja una chupa ya dawa," alisema polepole, macho yamefungwa, "na mwingine umemshika mtoto mguu kwa sababu mtoto anarusha mateke. Mvua inapiga mabati. Nyuma kuna akina mama wengi, na mmoja anasema, 'Harakisha, nyabo, mama wee.' Sasa mwambie. Una pumzi moja."

Hakuanza hata siku moja kuandika kabla ya kumwona mtu huyo. Mara nyingine alimwona kwa muda mrefu mno, nami nilipofumba macho kumfuata nilijikuta mahali pasipokuwa ofisi wala zahanati, mahali pa mvua na sauti za watoto, nikatoka huko nikiwa na neno moja tu, ambalo mara nyingi halikufaa.

Nilikuwa nimeajiriwa kuandika ripoti za miradi, kazi inayomfaa mtu aliyesoma fasihi na asiye na la kufanya. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu, suti yake ya kaunda imenyooshwa hadi inakata, akauliza, "Wewe ndiye uliyesoma lugha?" Nikakiri. Akataka nimtungie ujumbe wa pale dozi inapozidi ile inayoufaa uzito wa mtoto. Nilikwenda nyumbani Mafubira nikakesha nao. Asubuhi nikampa hivi: "Tunasikitika kukuarifu kwamba, kutokana na tofauti iliyojitokeza baina ya uzito wa mgonjwa na kiasi cha dawa kilichoombwa, ombi lako halikuweza kukamilishwa kwa wakati huu."

Aliusoma kwa sauti, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Alipofika mlangoni bado hajamaliza.

"Mwanangu," alisema, "mtoto ameshameza, na wewe bado unasikitika."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi pia nilicheka, kicheko cha mtu anayepanga kujiuzulu. Kisha akaketi kando yangu. Alitaka msomaji aambiwe kilichokataliwa, na sababu yake, na cha kufanya sasa. Baada ya hapo, alisema, mwandishi anyamaze. Yote niliyamudu isipokuwa hilo la mwisho, ambalo hata leo, kama unavyoona, linanisumbua. Tuliumaliza ujumbe ule jioni. Ulikuwa hivi: "Dozi hii ni kubwa kwa mtoto wa uzito huu. Usimpe. Mpime tena, kisha andika uzito uliouona." Nimechapisha vitabu tangu wakati huo. Hakuna nilichoandika kilichosomwa na watu wengi kama mistari hiyo, na hakuna mhakiki aliyeitaja.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na majivuno. Alipenda kuitwa Afande ingawa hakuwahi kushika bunduki. Jina lilimfuata kwa sababu alizungumza Kiswahili cha kunyooka, na mjini kwetu mtu wa namna hiyo hudhaniwa ama ni askari, ama ni Mkenya, ama anatoka katika zile familia za Waislamu wa zamani ambazo babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudani. Yeye alikuwa wa hizo za mwisho. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, sambamba na Kinubi, na alikilinda kwa wivu kama mtu anavyolinda shamba la urithi. Mimi nilipochanganya "r" na "l", kama tufanyavyo watu wa mlimani, alifumba macho kwa namna nyingine kabisa.

Ni yeye aliyeamua kwamba ujumbe wote uwe kwa Kiswahili. Wahudumu wa Jinja walizungumza Kisoga, wa Mbale Kimasaba, wengine Kiteso. Kiingereza cha mashine walikipita bila kukisoma. Kiswahili, alisema, hakikuwa cha mtu yeyote kati yao, kwa hiyo hakingempendelea wala kumuudhi mtu. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa kubwa.

Ujumbe wake wa kwanza kabisa, kabla sijafika, ulikuwa kwa herufi kubwa: HAIRUHUSIWI. ONDOKA. Alimaanisha mtu atoke katika ukurasa ule wa kompyuta, arudi mwanzo. Siku ya kwanza ulipotokea Mbale, mama aliyesimamia ghala la huko na zahanati iliyo kando yake aliusoma, akainuka, akachukua mkoba wake, akaondoka. Aliliacha ghala wazi na foleni ya wazazi uani. Alikutwa nyumbani kwake, amekaa jikoni, hajawasha moto.

Bwana Makosa alipopata habari alipanda pikapu ya ofisi kesho yake. Kisa hiki alinisimulia mwenyewe, na baadaye mama wa ghala akanisimulia upande wake. Visa vyao havikutofautiana ila katika nani alilia.

"Afande," yule mama alimwambia, "hii mashine yako ilifukuza mimi."

"Mama, haikukufukuza wewe. Ilikataa ile taarifa."

"Iliandika ondoka. Wewe unajua hiyo Kiswahili mimi nilisikia wapi? Barabarani. Kwa watu ya bunduki, wakati ile. Mimi nilikuwa msichana, baba yangu alikuwa mbele na baiskeli. Walisema hivyo hivyo, na sauti kubwa hivyo hivyo. Sasa nakuja kazini, naandika jina ya mtoto, kumbe hao watu bado iko ndani ya kompyuta?"

Bwana Makosa aligeukia dirisha. Nje, juu ya mji, mwamba wa Wanale ulikuwa umefunikwa na ukungu, na maporomoko yake yalining'inia kama nyuzi nyeupe zilizosahauliwa na fundi. Mwishowe alisema, "Nisamehe, mayi." Alitumia neno la Kimasaba la mama, yeye aliyejivunia kutochanganya lugha.

"Mimi nimesamehe," akajibu. "Lakini na mashine aseme pole."

Wakacheka wote wawili, na mama akampa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, ambayo aliyasifia mpaka mwisho ingawa najua hakuyapenda. Alirudi Jinja akafuta herufi kubwa zote. Tangu hapo alikataa sentensi iliyoanza kwa kumtaja msomaji. Kosa likae kwenye dozi, au kwenye tarehe, au kwenye chupa. Mtu aachwe asimame kwa heshima yake mbele za watu wanaomsubiri. Kuhusu lugha lakini hakurudi nyuma. Alisema Kiswahili kilitumiwa kuwatisha watu, basi na kitumiwe sasa kuwalinda watoto wao, mpaka masikio yazoee. Tulibishana hilo mara nyingi, na kila mara alipandisha sauti, jambo ambalo halikusaidia hoja yake.

Safari za Mbale tulikwenda pamoja baadaye, tukipita Iganga na zile nyanda za mpunga za Tirinyi, ambako asubuhi maji na mbingu huwa kitu kimoja na gari huonekana kama linaelea. Safarini alijaribu maneno yake kwa yeyote aliyetusimamisha. Askari wa usalama barabarani akiinama dirishani, yeye alisema, "Afande mwenzangu, ukiambiwa 'chupa hii muda wake umekwisha, chukua nyingine, hii weka kwenye sanduku jekundu,' utafanya nini?"

"Chupa gani, mzee?" askari mmoja akauliza, akanusa ndani ya gari.

"Umeona?" akanigeukia akifurahi. "Ameuliza chupa gani. Tunaongeza jina la dawa."

Askari alitupekua kwa makini kabisa.

Mara moja nilimshinda. Alikuwa amependa kuweka methali mwishoni mwa ujumbe wa wale wanaobonyeza kitufe mara nyingi kwa pupa: haraka haraka haina baraka. Nilimwambia afumbe macho. Akafumba. Nikamwambia yule mwanamke ameshika mguu wa mtoto, na wewe unampa methali. Alifumbua macho, akaifuta. Siku hiyo nilikunywa chai yangu kwa majivuno yanayofanana na yake.

Lililonishangaza zaidi nililikuta nyumbani kwake, Mpumudde, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya duka la kuchaji simu. Mtu huyu aliyeieleza kila zahanati kwa nini inakataliwa, kwake hakueleza kitu. Mkewe, mama mchangamfu mwenye sauti ya kutembelea ua mzima, alinishika mkono siku ya kwanza.

"Mwanangu, wewe unafanya kazi naye? Huko anasema?"

"Anasema sana, mama."

"Basi maneno yote anayamaliza huko. Hapa anasema 'hapana', anafunga mlango. Hapana ya nini? Nikae nikisubiri namba?"

Mumewe alisikia, akajifanya anarekebisha redio. Alikuwa akiugua tumbo kwa miaka bila kumwambia mtu, na alikimbia dawa yeye mwenyewe kama mtoto, akajitibu kwa tangawizi. Binti yake alipotaka kwenda kuolewa mbali, alitikisa kichwa tu, kisha akatembea kwa miguu hadi Wanyange, akakaa juu ya kilima akiangalia ziwa mpaka jua likazama. Nilijua kwa sababu alinikuta huko, nami nilikuwa na majonzi yangu mengine. Hatukuulizana. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imetulia juu ya maji kama mbegu juu ya sahani, na upepo ulileta harufu ya moshi na samaki. Tuliporudi aliniuliza kama neno "usimpe" halikuwa kali mno.

Nimewaza sana juu ya hilo. Labda kuandika kulikuwa rahisi kwake kwa sababu yule mwanamke wa kwenye kioo hakuweza kumjibu. Au labda mtu huwa na maneno ya kutosha sehemu moja tu ya maisha. Mume wangu wa zamani angeweza kutoa ushahidi kuhusu mimi, lakini hajaombwa.

Alistaafu, nami nikaondoka kwenda kuandika vitabu. Mashine ziliendelea kusema maneno yetu. Niliwahi kwenda zahanati na mpwa wangu, nikaona mhudumu akisoma kioo huku midomo ikicheza, kisha akamrudisha mtoto kwenye mizani. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Halafu mwaka huu mfumo wote ulihamishiwa Kampala, ujengwe upya. Mhandisi kijana, binti mwerevu na mwenye adabu, aliukuta mlundo wa maneno ya Kiswahili na kwa kawaida ya kazi akaamua wabaki walinzi, maneno yatoke, namba zitoshe. Walianza kwa majaribio katika zahanati ile ya kando ya ghala la Mbale, wakakusudia kufuata kwingine kote. Mama wa ghala, ambaye naye sasa anakaribia kustaafu, alimpigia Bwana Makosa. Naye akampigia binti yule, tena na tena, na hatimaye akanipigia mimi.

Nilichukua bodaboda kutoka Mafubira. Nilimkuta barazani, amekonda, macho yamefifia, suti ya kaunda bado inakata. Mkewe alileta viazi vitamu na chai akatuacha, jambo lililoonyesha kwamba mambo ni mazito.

"Kodheyo, Afande," nikamsalimu kwa Kisoga, kumchokoza.

Hakuchokozeka. "Wanakutana leo," alisema. "Kampala. Wataamua." Alikuwa ameiweka simu kwenye kigoda katikati yetu. "Unajua mtu anayekataliwa na namba anafanya nini? Anadhani mashine ni mbovu. Anaandika mtoto ana kilo nane. Inakataa. Anaandika tisa. Inakataa. Anaandika kumi, lango linafunguka, anashukuru Mungu. Na mtoto pale hajanenepa hata kidogo."

"Mama wa ghala ameona hilo?"

"Ameona mara moja, akaikamata chupa mkononi mwa mtu. Sasa anasimama nyuma ya wahudumu kutwa nzima. Ataweza kusimama mpaka lini?"

Tulisubiri. Alasiri ilipita barazani polepole, kama mgeni anayetafuta viatu vyake. Muuza chapati ng'ambo ya njia alipiga kengele yake. Chai ya Afande ilipoa. Sijawahi kumwona mtu akiiangalia simu kwa namna ile, na nimeshiriki mashindano ya fasihi.

Ilipolia aliibonyeza ili nami nisikie.

"Mzee, habari ya huko?" Sauti ya yule mhandisi ilikuwa ya uchovu. "Tumemaliza. Watu wa Mbale wameeleza ile ya uzito. Mulikuwa mnasema kweli. Maneno yanarudi."

Mkono wa Afande ulikuwa umeshika kigoda.

"Lakini mzee, si kwa Kiswahili. Wakubwa wamekataa. Wanasema wahudumu wapya hawakijui vizuri, na wengine wanakiogopa. Itakuwa Kiingereza rahisi. Nimeshatafsiri jumbe zote. Naomba usikasirike."

Nilivuta pumzi kwa niaba yake. Nilijua hotuba inayokuja. Nilikuwa nimeisikia njia nzima ya Tirinyi, kwenda na kurudi. Aliinamia simu.

"Umeacha sehemu ya kumpima tena?"

"Nimeacha, mzee. Na ya kuandika uzito aliouona."

"Hao wahudumu wapya, wataielewa?"

"Niliwasomea jana. Wameielewa."

"Zako ziko wapi sasa?"

"Ziko tayari. Nitafuta zako leo, kesho asubuhi niingize hizi."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza nikamsikia, nyumbani kwake, akiendelea baada ya neno hilo. "Ukifuta leo, lango litakaa bila maneno mpaka kesho, na kuna watoto watakaokuja jioni hii. Ingiza zako kwanza. Anza na ile zahanati ya majaribio. Ukishaona zimekaa, ndipo ufute zangu."

"Sasa hivi, mzee?"

"Nasubiri."

Tukasikia vidole vyake vikigonga, mbali, kama mvua inayoanza mji mwingine. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Muda ukapita.

"Zimeingia," alisema binti. "Nimejaribu Mbale, nimejaribu Jinja. Zinasema."

"Haya," akasema Bwana Makosa. "Futa."